Filamu Kumi za Mwaka wa Viti Vyekundu

Tarehe 9, mwezi wa pili

Kurunzi, mdogo wangu,

Kabla hujauliza, mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika kama mpangaji, la kulia limenyamaza, nadhani linanipangia jambo. Wifi yako hajambo. Kile kitambaa ulichomletea amekishona gauni, amelivaa, na jirani yetu amenuna wiki nzima, kwa hiyo zawadi imefika. Mjukuu wangu wa kwanza amefaulu mtihani wa udereva mara ya nne; nadhani mtahini alichoka kuogopa. Shemeji je, bado anakoroma mpaka majogoo wanakosa kazi?

Sasa niingie kwenye jambo. Unalikumbuka jumba letu la sinema lilivyogeuzwa ghala la magodoro. Yule mzee wa magodoro amefariki, na binti yake ndiye amerithi. Mwezi uliopita aliniita. Nikavaa shati safi, nikidhani nakwenda kupewa godoro. Kumbe magodoro yameshauzwa yote, na mwenzetu anataka sinema irudi. Nikamuuliza kama ana akili timamu. Akasema hana, ndiyo maana amenitafuta mimi. Nikampenda papo hapo.

Anachotaka ni hiki. Nimpangie filamu kumi bora za mwaka wetu wa kwanza, mwaka wa viti vyekundu, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi. Orodha itachorwa kwa rangi kwenye ukuta wa mlangoni, kila filamu na historia yake fupi pembeni, na chini kabisa jina langu. Ile itakayokuwa ya kwanza ndiyo itakayoonyeshwa siku ya kufungua. Anasema ghala kuu la filamu bado limetunza makopo ya enzi zile, na projekta yangu mafundi wameshaiamsha. Jina langu ukutani, Kurunzi. Mimi niliyetoka darasa la tano kwa mlango wa nyuma.

Wewe unajua ninavyopima filamu. Kule chumbani kwangu juu kulikuwa na tundu la ukuta lenye ukubwa wa bahasha, na mwendesha projekta hana nafasi ya kutazama picha: jicho moja liko kwenye taa, jingine kwenye mkanda. Kilichobaki cha kutazama ni visogo mia tatu vya watu. Uso wa mtu ni mnafiki, utacheka kumfurahisha aliyenunua tiketi. Kisogo hakijui kudanganya.

Basi ya kwanza ni Ile ya Mapacha wa Reli. Treni ilipokata kona, visogo vyote mia tatu vililala kushoto, hata cha Bwana Funguo, meneja wetu, ambaye shingo yake haikuwahi kupinda kwa mtu. Ya pili, Ile ya Kinyozi wa Mfalme. Ya tatu, Ile ya Jambazi Mwenye Mafua. Kila alipokaribia kupiga chafya pale benki, jumba zima lilibana pumzi kumsaidia. Ya nne, Ile ya Mjane na Ngazi. Kisha Shamba la Vioo, Mkwe Kiziwi, Simba wa Karatasi, Daktari wa Pili, na Ile ya Nanga. Majina ya kwenye mabango sitaki kuyajua, yalikuwa ya mabango. Haya ndiyo tuliyozipa wenyewe.

Ya kumi nimeisahau. Tutaweka yoyote. Nipe na mpango wako, maana wa mwaka ule tumebaki wawili tu.

Kaka yako,
Giza

*

Tarehe 1, mwezi wa tatu

Kaka Giza,

Shikamoo, wewe na goti lako. Shemeji yako anakoroma, ndiyo, na sasa amepata mshindani, kwa sababu tumeletewa mbwa. Mpwa wako mkubwa amepandishwa cheo kazini na amekuwa na tabia ya kushika kidevu anapoongea. Mimi nipo. Nina miaka minane tangu nistaafu pale masjala ya mahakama, na juzi tena wamenipigia simu kuniuliza jalada fulani liko wapi. Nikawaambia kabati la sita, rafu ya tatu, nyuma ya bomba. Lilikuwepo. Miaka thelathini na moja, kaka, halikupotea jalada hata moja mikononi mwangu. Nakukumbusha tu, usije ukadhani wewe peke yako una ukuta.

Visogo vyako navijua. Lakini wewe ulikuwa unaangalia filamu ikiendelea; mimi ndiye niliyebaki na tochi na ufagio ilipokwisha. Kipimo changu ni vitu vilivyosahaulika chini ya viti. Filamu mbovu, watu huondoka na kila kilicho chao, na pengine na cha mwenzao. Filamu nzuri humfanya mtu ajisahau, na akijisahau, mali yake nayo inasahaulika.

Basi Mapacha wa Reli mimi naiweka ya tatu: miavuli minne na kiatu kimoja cha mtoto. Ya pili ni Mjane na Ngazi. Siku ile niliokota gongo la mlemavu. Mwenyewe alikwenda nalo na akarudi nyumbani bila hilo, akalikumbuka kesho yake asubuhi. Jambazi wako mwenye mafua simpi hata nafasi ya saba, aliniachia leso tu, na zote mbichi.

Ya kwanza ni Ile ya Fundi Paa. Mtu alisahau meno. Meno ya bandia, safu nzima ya juu, yametulia kwenye mkono wa kiti chekundu kama yanaendelea kutazama. Alikuwa amelia mpaka akayatoa ili apenge vizuri.

Na hii hukuitaja popote. Umeniandikia filamu tisa. Nakujua tangu tukiwa tunagawana shuka. Wewe huwezi kushindwa kuhesabu mpaka kumi ila kwa makusudi.

Mdogo wako,
Kurunzi

*

Tarehe 22, mwezi wa nne

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilichelewa. Ilifika mapema, kusema kweli, lakini ikalala chini ya redio, na redio ile haihamishwi ovyo kwa sababu ndiyo inayoshikilia pazia. Tusamehe. Kisha nikaumwa jino, na baada ya hadithi yako ya meno sikuwa na hamu ya kushika kalamu. Wifi yako amejifunza kutumia simu kupiga picha. Ana picha arobaini za kidole chake. Binti wa magodoro amerudisha viti. Si vyekundu vile, hivi vina wekundu wa haya, lakini vinakunjika. Mvua imenyesha, paa la jumba halikuvuja hata tone, nilikwenda kusimama ndani kuhakikisha.

Kuhusu hiyo filamu uliyoitaja, nimetafuta kichwani kila pembe na sikuiona. Mwaka ule zilipita filamu nyingi. Pengine ulisimuliwa na mtu. Pengine uliota, wewe zamani ulikuwa unaota mpaka unapiga teke.

Orodha nimeshampelekea binti, na Mkwe Kiziwi nimempandisha. Ya kumi nimeweka ile ya bata. Mambo yamekwisha.

Nisalimie mbwa.

Giza

*

Tarehe 3, mwezi wa tano

Kaka,

Wote hawajambo.

Ulisema uongo kwa meneja, ukasema kwa mama, sasa unanisemea mimi. Filamu usiyoikumbuka ndiyo iliyokupa jina mji mzima. Kuna kinyozi gani hapo ambaye hajakuita Mfufuaji? Mpaka mwaka juzi nilipokuja kwenye harusi, muuza magazeti alikuuliza mbele yangu kama unaweza kumfufua mjomba wake, maana kuna swali la shamba. Ukacheka naye. Mimi sikucheka, na hukuniuliza kwa nini.

Siku ya kufungua nimealikwa. Kama ya kwanza ukutani si Ile ya Fundi Paa, sitakuja. Nitakaa hapa na mbwa.

Kurunzi

*

Tarehe 17, mwezi wa sita

Kurunzi,

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanuna hivyohivyo, ukikaa kwenye kizingiti ili kila anayetoka akuruke. Haya, nimekuruka mara nyingi, leo nakaa nawe.

Naikumbuka. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, onyesho la saa tisa, jumba limejaa mpaka watu wamekalia ngazi. Makopo sita. Ule utepe wa mwanzo wa kila mkanda, wenye namba, ulikuwa umeshakatika kwa uchakavu, kwa hiyo namba tulizisoma kwenye vifuniko vya makopo na si penginepo. Kopo la tatu, fundi paa anaezeka nyumba yake, anashuka, anakula na mkewe na watoto, anamwambia mdogo asichezee nyundo. Kopo la nne, anaanguka kwenye paa la bwana mkubwa, anafariki, anazikwa. Ndivyo ilivyotakiwa iende.

Nikatangulia kuweka la nne. Watu wakamzika. Kisha nikaweka la tatu, na nilipochungulia tunduni, marehemu yuko juu ya paa lake, mzima, anapiga misumari na kuimba. Kusimamisha siwezi, ukisimamisha wakati ule taa ilikuwa inaunguza mkanda. Mtu mmoja safu ya mbele akainuka kutaka kupinga, jirani yake akamvuta shati akakaa. Baada ya hapo, Kurunzi, sijaona tena kitu kama kile kwa miaka yangu yote ya kazi. Fundi alipokaa kula na wanawe, kisogo hata kimoja hakikutikisika. Wao walijua kaburi lake limeshafukiwa, yeye hajui, anamega na kumkanya mtoto kuhusu nyundo. Walidhani ndivyo filamu ilivyotungwa. Mia tatu, kama wamechongwa.

Kwa kipimo changu mwenyewe ni ya kwanza, na nimeificha kwenye mfuko wa ndani miaka yote hii. Furahi sasa.

Lakini ukutani haiendi. Binti ana daftari, anakaa nami kila alasiri, na kwa kila filamu anauliza mpaka mfupa. Atauliza ni nani aliyechanganya makopo. Nitamjibu nilivyomjibu Bwana Funguo, kwamba ni mimi, nilisinzia, basi. Na uongo mdomoni si kitu, unatoka na upepo. Uongo uliochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, chini yake jina langu, huo sitaki. Kwa hiyo ni heri bata.

Usiniulize zaidi ya hapo. Binti ananisubiri mpaka mwisho wa mwezi wa saba.

Wifi yako anakuletea picha ya kidole.

Giza

*

Tarehe 6, mwezi wa saba

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo naanza na jambo lenyewe, habari za nyumbani zitakuja mwisho kama vumbi la ufagio.

Vifuniko nilivichanganya mimi.

Asubuhi ile nilivifuta vumbi viwili viwili, na nilipotaka kuvirudisha viwili vya katikati sikujua kipi ni cha wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijui kutofautisha tatu na nne. Ulimwambia Bwana Funguo kwamba nimesoma mpaka darasa la nne ili anipe kazi, wakati unajua siku nilizokwenda shule zingetosha kwenye vidole. Siku hizo watu walikaa popote walipotaka, tochi haikuhitaji namba, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Nikaviweka vifuniko kwa kubahatisha, nikafuta jasho, nikaenda kufungua mlango.

Ulipoitwa ofisini nilikuwa nje ya mlango na ufagio. Nilisikia Bwana Funguo akisema aliyefanya vile anafukuzwa leo hii, isipokuwa kama ni wewe, kwa sababu hana mwendesha projekta mwingine. Ukasema, "Nilisinzia, mzee. Mimi peke yangu." Ukatoka, ukaniona, ukaniuliza kama nimeshafagia safu ya nyuma. Ulisafisha vyoo mwezi mzima kila asubuhi kabla ya kupanda kwenye projekta yako, na mji ukakupa jina.

Ulidhani sijui. Mimi nilidhani unajua kwamba najua. Tumezeeka hivyo.

Jumatatu yake uliniita juu, ukiwa na rangi nyeupe na brashi, bila kunieleza chochote. Ukachora sindano kwenye kifuniko cha kwanza. Cha pili viatu. Cha tatu mafiga. Cha nne kitanda, na miguu yake minne imepinda vibaya, hukuwahi kujua kuchora. Cha tano mkono. Cha sita inzi, nikahesabu miguu yake. Pembeni ya kila picha ukaandika namba yake, ukasema, "Hizi ni zangu mimi, nina usingizi sana." Nikazitazama wiki nzima. Wiki iliyofuata nilisoma namba bila picha. Mwisho wa mwaka ule nilisoma bango, na ya baadaye unayajua mwenyewe: shule ya jioni, mtihani, mahakama, majalada elfu arobaini yaliyopangwa kwa namba. Yote yametoka kwenye mafiga na kitanda kibovu. Kila nilipoweka jalada mahali pake nilikuwa narudisha kifuniko kimoja.

Sina aibu, kaka. Nina fahari, na ilinikaa kifuani kwa sababu mwenyewe hukutaka kuipokea. Mwambie binti aandike hivi nilivyoandika. Jina langu la kazi alitaje na masjala aitaje.

Habari za nyumbani: wote wazima. Mbwa amemng'ata fundi bomba.

Kurunzi

*

Tarehe 12, mwezi wa tisa

Kurunzi,

Wifi yako ndiye aliyenisomea barua yako, kwa sababu mimi ghafla miwani iliingia ukungu, na siku yenyewe haikuwa na ukungu. Alipomaliza alisema kumbe ameolewa na mtu. Miaka hamsini na mbili, leo ndiyo anagundua. Kisha akaniongezea chai bila kuombwa, kwa hiyo nakushukuru pia kwa hilo.

Nilimpelekea binti barua. Akaisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akachukua orodha yangu na kuikunja. Akaniuliza tuanze upya? Tukaanza upya. Fundi Paa ya kwanza. Mapacha ya pili, na Mjane na Ngazi ya tatu kwa heshima ya lile gongo. Jambazi Mwenye Mafua yuko ya nne na hapo hatoki, hata ulie. Bata ameondolewa, alikuwa bata tu. Mchoraji ameshamaliza ukuta. Chini pameandikwa kwamba waliopanga ni Giza kwa visogo na Kurunzi kwa vilivyosahaulika, na kwenye historia fupi umeandikwa wewe, vifuniko vyako, na majalada elfu arobaini. Muuza magazeti alikuja kusoma. Alisoma polepole, maana naye si msomaji, akafika mwisho, akanipa gazeti la siku hiyo bure. La mjomba wake hakulitaja.

Sasa sikia. Juzi makopo yamefika kutoka ghala kuu. Binti aliniita nije kuyafungua, akasema pengine mkanda umeoza. Haukuoza. Ila kabla sijaufikia mkanda niliviona vifuniko. Kurunzi, ni makopo yaleyale. Yamezunguka miji yote hiyo, yamekaa gizani miaka yote hiyo, na kwenye kutu yote ile rangi yangu nyeupe ipo. Sindano ipo. Inzi amebaki na miguu mitano. Kitanda bado kibovu. Binti akauliza michoro ile ni ya mtoto gani. Nikamwambia wa darasa la tano.

Ghala wameambatanisha karatasi ya maelekezo, inasema makopo yaonyeshwe kwa mpangilio wa namba. Binti akaniuliza tufuateje. Nikamwambia suala hilo halimo mikononi mwangu, mwenye makopo atakuja.

Kufungua ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, onyesho la saa tisa. Mlete shemeji, akikoroma tutasema ni treni ya Mapacha. Mbwa abaki. Gauni lako ni juu yako, tochi nimekununulia mpya. Ngazi za kupanda chumbani kwangu ni zilezile kumi na saba, na magoti yangu yamekataa kubeba kitu na kupanda kwa wakati mmoja, yameniambia nichague.

Nitakuwa juu tunduni nimeshaweka la viatu. Likikaribia kwisha, wewe panda uniletee la kitanda. La mafiga lifuate.

Kaka yako,
Giza